Mwindaji anaporudi mikono mitupu

Bazee wetu wanapenda kusimulia juu ya mwindaji aliyerudi na nyama. Juu ya yule aliyerudi mikono mitupu wanasema kidogo tu. Lakini kwake njo swali linazaliwa: nani ana makosa?

Kiangazi kimoja tulifuatana na mgeni, sisi watafsiri wake, mu pori la kuwindia karibu na Upemba. Mjini, mtu aliyepokea dola zake alimwahidi mbogo. Siku sita tulitembea nyuma ya kiongozi, muzee anayejua kila kijito. Tuliona nyayo za zamani zilizokauka, basi. Si ajabu: ndani ya parke, iliyowekwa mwaka 1939, uwindaji umekatazwa, na inje yake, vita vya 1996 mpaka 2003 vilijaza bunduki mu pori, nyama ikapunguka.

Siku ya mwisho mgeni alikataa kumlipa kiongozi mshahara uliobaki. Kiongozi naye, kwa haya, akasema pengine bibi yake amekosea nyumbani. Ndiyo desturi: uwindaji ukiharibika, watu wanaulizaka kwanza juu ya bibi.

Ahadi ni deni, ni kweli. Lakini mtu anaweza kuahidi kitu kisicho chake? Mbogo wa pori si mbuzi wa kamba. Deni la kiongozi lilikuwa miguu yake, macho yake na kusema ukweli, yote alilipa. Aliyeahidi mbogo alibaki mjini mu kivuli, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Hatuzarau desturi. Ilitufundisha kwamba uwindaji ni kazi ya nyumba nzima. Basi na hasara iwe ya nyumba nzima, isibebwe na mama peke yake. Hata Mbidi Kiluwe, mwindaji mkubwa wa masimulizi ya Baluba, anakumbukwa zaidi kwa adabu ya kifalme aliyoileta kuliko kwa hesabu ya nyama.

Tulisemezana na mgeni mpaka akalipa. Lakini lile neno juu ya bibi tuliliacha lipite. Nyuma tulisikia kwamba yule mama aliulizwa mbele ya jamaa yote. Kimya chetu kinatuuma mpaka leo.

Basi, wasomaji wenzetu, siku mwindaji wa kwenu atarudi bila nyama, mumpe maji, mumlipe jasho lake, na bibi yake mumuache apike kwa amani.