Aliyeingia na Aliyebaki Mlangoni

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema: asiyekuwapo na lake halipo. Ya pili yasema: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Basi mtu anyimwaye heshima katika nyumba ya wenye nguvu afanye lipi? Aingie apate kusema, au abaki nje alinde jicho lake?

Tulipime swali hili kwa Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliojivunia jina hilo. Kwa miaka mingi senema za Hollywood ziliwaonyesha kama majambazi wa kofia pana na watumishi wa watu. Mwaka 1967 kampuni ya Frito-Lay ilitoa tangazo la Frito Bandito, katuni ya mwizi wa Kimeksiko mnyang'anyi wa vitafunio vya mahindi. Tangazo la namna hiyo humfunza mtoto wa jirani kucheka, na mtoto wa nyumbani kujionea haya. Vyama vya Wachicano vilipinga, na kufikia mwaka 1971 katuni ikaondolewa. Hiyo ndiyo kazi ya waliobaki nje.

Wengine walikuwa ndani. Mwaka 1970 mwigizaji Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Meksiko, alianzisha na wenzake chama cha Nosotros, maana yake 'Sisi', kudai heshima katika senema na televisheni. Naye Luis Valdez alianzia mashambani: mwaka 1965, huko Delano, California, aliunda Teatro Campesino, ambamo vibarua waliogoma waliigiza dhiki yao wenyewe. Mchezo wake wa Zoot Suit ulishangiliwa Los Angeles mwaka 1978, ukafika Broadway mwaka 1979, ukawa filamu mwaka 1981.

Lakini tazama jaribu lililomfika. Mwaka 1992 alikusudia kutengeneza filamu ya maisha ya Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, na nafasi kuu ikapewa mwigizaji asiye wa asili hiyo. Waigizaji wa Kilatino wakalalamika hadharani, na kazi ikasimama. Aliyepiga kelele mlangoni jana, leo alipigiwa kelele yeye.

Je, alikuwa msaliti? Sisi hatusemi hivyo. Sisi tulioshika kalamu ofisini twajua kwamba mwenye mkoba huwa na neno katika kila kazi, na kwamba jicho halivunjwi kwa siku moja. Hufumbwa kidogo kidogo, kila mara kwa sababu njema. Mwenyewe huwa wa mwisho kutambua. Kwa hiyo humhitaji aliye nje amwambie.

Hapo ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Aliyeingia asiufunge mlango nyuma yake, wala asikasirike akiitwa kwa jina lake la nyumbani. Na aliyebaki nje asimhesabu kila aliyeingia kuwa amepotea, maana bila huyo, la kwao halipo.