Sura za Noti Zetu na Deni la Utu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sisi wakazi wa Daa, wilayani Karatu, tulifundishwa neno hilo tangu utotoni, na wazee wetu walilitii kwa kuweka mahindi ghalani na fedha sandukuni. Lakini mwaka 2025 ulikuja na mtihani wake. Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha uliwekwa tangu tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili. Katika siku hizo mama mmoja mzee, jirani yetu, alitujia na furushi la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na noti za shilingi 200 na kadhaa za shilingi 20. Alikuwa amesikia kwamba sisi hukusanya noti kuukuu, naye akatuuliza: "Mwanangu, fedha hizi zikisha kufa, wewe wazitakia nini maiti zake?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu papo hapo, nasi tunaona lafaa kujibiwa mbele ya wananchi wote.

Noti ni kitu gani? Ng'ombe hutoa maziwa hata asipopelekwa mnadani, na gunia la mahindi huliwa hata lisipouzwa. Noti haiwezi lolote kati ya hayo. Nguvu yake yote ni imani ya watu kwamba neno lililoandikwa juu yake litatimizwa. Noti, basi, ni ahadi. Tena ni ahadi yenye sura, maana kila taifa huchagua picha ya kuweka mikononi mwa watu wake, na kwa kuchagua huko hutangaza ni kitu gani linakienzi.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitufanya tununue chumvi kwa sura za wafalme wa Uingereza, na baadaye kwa sura ya Malkia Elizabeth. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na noti zake za kwanza zikabeba sura ya Mwalimu Nyerere. Nyuma ya noti ya shilingi 10 palichorwa mkonge. Noti ya shilingi 100 ilikuwa na mfugaji wa Kimasai akiwa pamoja na wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tukaona mwalimu na wanafunzi wake, pamoja na wakulima. Mwaka 1985 noti ya shilingi 50 ilionyesha wafyatuaji wa matofali, na noti ya shilingi 200 iliyofuata ikaonyesha wavuvi. Mtu aliyetoka jasho aliiona kazi yake imeheshimiwa na fedha ile ile aliyolipwa.

Toleo la mwaka 2003 lilikuwa na mwelekeo mwingine. Mwalimu alibaki katika noti ya shilingi 1000. Nyingine zilichukua nyati, simba, faru na tembo, na nyuma yake majengo, au mgodi wa dhahabu wa Geita. Mvuvi na mfyatua matofali hawakuonekana tena.

Je, mnyama amempokonya mtu nafasi yake? Sisi tunaoishi jirani na Ngorongoro hatuwezi kulijibu swali hili kwa pupa. Katika miaka ya 1960 faru waliohesabiwa ndani ya kreta walizidi 100. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa hawafiki 20, kwa sababu ya ujangili. Faru hana kinywa cha kujitetea barazani. Kumweka katika noti ya shilingi 5000 ni kumwambia kila mwananchi kwamba mnyama huyu ni amana yake. Hilo ni jema, nasi hatulibezi.

Hata hivyo, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola humjua faru kwa noti kuliko kwa macho. Magari ya watalii hupita wilayani mwetu yakielekea huko. Tena noti ile ya kwanza ya shilingi 100 ilipochorwa upya, mfugaji aliondoka, wakabaki wanyama peke yao. Hatuichukui karatasi ile kuwa ni utabiri. Lakini Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 kwa wazo kwamba mfugaji na mnyama wa porini waweza kuishi pamoja. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za wafugaji zimehama huko kwenda Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wa jambo hilo umekuwa mkali. Anayezitazama noti zile mbili kwa pamoja hawezi kukwepa kuuliza: je, taifa laweza kumpenda mnyama bila kumsahau mtu aliyeishi naye?

Sisi tunaamini kwamba laweza, kwa sharti moja: tukubali kuwa heshima ya picha ni deni. Aliyechorwa anatudai ulinzi, na aliyefutwa anatudai kumbukumbu. Faru akilindwa na mfugaji akasahauliwa, tumelipa nusu ya deni.

Hilo ndilo tulilomjibu mama yule. Ahadi iliyoandikwa kwa tarakimu ina siku ya mwisho. Ahadi iliyochorwa haina. Tulimsindikiza benki kabla ya muda kwisha, akabadilishiwa akiba yake. Tulimwomba atuachie noti mbili tu. Kwanza tulimweleza kwamba wakusanyaji huweza kuzinunua kwa bei inayozidi maandishi yake, maana kununua kwa mtu asiyejua ni kumwibia kwa adabu. Tukapatana bei, tukalipa. Naye aliishika ile ya shilingi 200 akawatazama wavuvi kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba miaka yote aliyozihesabu noti zile hakuwahi kuwaona.

Wangapi kati yetu tumewaona?