Mwenye kiwanja na wenye ganjo

Hapa Mabanga kila mtu anajua bei ya kiwanja, lakini ni wachache wanaouliza kilikuwa cha nani zamani. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na kweli mji wetu unajengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipotapika, lava ilifunika nyumba nyingi za Goma, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Wengi wakajenga tena juu ya lava ileile. Siku moja mtu atachimba na kukutana na masufuria yetu. Je, tungependa afanye nini?

Swali hilo lilinishika siku shemeji yangu alipochimba msingi wa nyumba upande wa Masisi, kwenye udongo mzuri. Fundi alitoa vigae vya chungu na jivu, halafu mstari wa mawe uliojikunja kama lupango. Nikasema tungoje kidogo. Shemeji akanijibu: "Mwalimu, achana na hiyo. Batoto yangu batalala wapi? Bale bafu ndio batanilipia nyumba?" Sikuwa na jibu. Saruji ikamwagwa, na mimi mwenyewe nilishika ndoo, nakiri.

Wengi wetu tunafikiri kuchunguza ni kuzuia. Hapana. Kule Uganda, karibu na mto Katonga, kuko boma la kale linaloitwa Bigo bya Mugenyi. Mitaro yake, iliyochimbwa kwa mikono, inapita kilomita 10. Mapokeo yanasema ni kazi ya Bachwezi. Peter Shinnie alichimba pale mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Hawakufukua boma lote. Walifungua sehemu chache tu, tabaka kwa tabaka, wakapata vigae na mifupa mingi ya ng'ombe. Kutokana na hayo tunajua kwamba watu waliishi pale kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi. Jina la mfalme hawakulikuta, maana udongo hautaji majina; hayo yanabaki kwa wazee. Lakini wazee nao hawangeweza kusema ng'ombe walichinjwa wangapi.

Shimo la namna hiyo, kwangu mimi, ni sawa na kupiga hodi. Na mtu anayepiga hodi si lazima arudishwe mlangoni. Mara nyingi atakuta hakuna kitu, ajenge zake kwa amani.

Kuna wanaosema: wataalamu wakija, watabeba vitu. Neno hilo lina haki yake. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimba Ishango, kwenye ziwa Edward, katika jimbo letu hili hili. Mfupa wenye alama za kuhesabu alioupata uko Bruxelles mpaka leo. Watoto wetu wanauona kwa picha. Ila tazama vizuri: wa Ishango uko mbali lakini unasomeka, na vigae vya shemeji viko hapa karibu, chini ya saruji, na hakuna atakayevisoma.

Je, alikuwa na haki? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa tu ruhusa ya kuutumia. Na tangu 1971 iko sheria ya kulinda mali za utamaduni. Lakini sheria haipigi bati. Kumwambia baba wa watoto sita angoje mtaalamu wa kutoka Kinshasa wakati mvua inanyesha, huo si uadilifu. Ufaransa, tangu sheria ya 2001, gharama inamwangukia mwenye mradi wa kujenga. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia: yule anayekata kilima kizima na kuuza viwanja mia alipe shimo la majaribio kabla ya kuweka mipaka. Fundi wa nyumba moja tumwombe tu asimame nusu siku, apige picha, apime kina, aite mwalimu wa karibu.

Nami nilikuwa mwalimu wa karibu. Kigae kimoja nilikitia mfukoni siku ile. Kiko mezani pangu ninapoandika, kina mistari mizuri shingoni, lakini hakinisaidii kitu, kwa sababu sikuandika kilitoka kwenye kina gani.