Neno Dili na Fungu la Asiyekuwapo

Neno lina asili, tena lina tabia. Asili yake huhifadhiwa na kamusi. Tabia yake huipata kwa watu linaokaa nao. Nataka kulipima jambo hili kwa neno moja la Kiingereza, deal, ambalo katika Kiswahili cha mitaani limekuwa dili.

Mwanafunzi akifungua kamusi ya Kiingereza ataona kwamba deal ni mapatano ya biashara, na kwamba kitenzi chake huweza kuwa kugawa, kama mtu agawavyo karata. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya sehemu au fungu, nalo ni ndugu wa neno la Kijerumani Teil. Roosevelt alipowaahidi Wamarekani mwaka 1932 utaratibu mpya wa kuwatoa katika dhiki, aliuita kwa neno hilo. Hata huko wako wanaolitumia kwa biashara za gizani, lakini katika nyumba yake halina aibu.

Sasa tulisikilize kwetu. Katika kata ya Sigino, mjini Babati, mkulima hupanda mahindi na mbaazi. Mtu akisema kuwa mbaazi ni dili, maana yake zinatafutwa na zina bei. Akisema dili limetiki, shughuli imefaulu. Lakini akisema fulani amepiga dili, wasikilizaji hutabasamu wala hawaulizi zaidi. Tabasamu lile ni sehemu ya maana ya neno.

Tuwaze kijana wa hapo, aliyetumwa na majirani kuwauzia mbaazi zao. Dalali amwambia, "Mdogo wangu, nina dili." Dili lenyewe ni kwamba magunia yajazwe lumbesa, kupita kilo 100 zinazoruhusiwa, yalipwe kwa bei ya gunia la kawaida, na kijana apate chake pembeni. Kijana akubali. Je, hayo si mapatano? Kwa kamusi, ni mapatano: wawili wamesema ndiyo, na wote wawili wameridhika. Lakini waliopalilia shamba hawakuwapo, na kilo zilizozidi ni zao. Mkulima ambaye mwaka 2017 aliona bei ya mbaazi ikianguka, India ilipozuia uingizaji wake, ajua thamani ya kila kilo.

Yafaa tuulize kwa nini neno la kuazima lilihitajika hapo. Kiswahili kina mapatano, makubaliano na mkataba. Nadhani sababu ni kwamba maneno haya huita mashahidi. Hapana mtu amwambiaye mwenziwe, "Njoo, nina dhuluma." Neno dili huiwezesha dhuluma kuketi na biashara katika mkeka mmoja, na dhamiri isiamke.

Wako watakaosema kwamba basi neno lipigwe marufuku. Siafikiani nao. Kijana mwingine wa Sigino huita dili kazi ya kutwa ya kupakia magunia, na chakula alacho jioni ni halali yake. Neno halikuiba kitu. Tukilifukuza hili, tabia ile ile itajitafutia jingine, na pengine litakuwa neno zuri la kamusi, mfano wa takrima au shukrani. Mavazi hubadilika, mwili ni ule ule.

Dawa ni kulirudisha neno kwenye asili yake kila tunapolitumia. Kama deal lilikuwa fungu, basi mbele ya kila dili tuulize: fungu la asiyekuwapo liko wapi? Tena tujaribu kuliita mapatano, kwa sauti, mbele ya wale ambao mali ni yao. Likitamkika, ni biashara njema. Lisipotamkika, tumekwisha kujihukumu wenyewe.

Mtunga kamusi huandika yale aliyoyakuta yakisemwa. Atakapofika kwenye neno hili kesho, ataandika mapatano au ataandika hila, kwa kadiri ya matendo yetu ya leo.