Nambari ya Shina

Jahazi likibadilishwa ubao mmoja mwaka huu, taruma moja mwakani, hata ikafika siku ambapo hapana kipande kilichosalia cha lile lililoshushwa majini siku ya kwanza, je, tuseme ni jahazi lile lile? Wayunani walibishana kwa suali hili juu ya chombo cha Theseus, na Plutarch akatuandikia ubishi wao. Lakini hapakuwa na haja ya kwenda Athens. Fundi yeyote wa pwani, mwenye tezo na pamba ya kalafati mkononi, angeliweza kutuuliza hilo hilo. Nami nataka kulitoa suali majini na kulipeleka nchi kavu, mbali mno na pwani: kwenye kiwanja cha mpira cha kijiji.

Wabelgiji wamelijibu kwa daftari. Tangu mwaka 1926 shirikisho lao la kandanda huipa kila klabu, kubwa na ndogo, nambari yake kwa kufuata tarehe ya kujiunga. Royal Antwerp, iliyoasisiwa 1880, ndiyo nambari 1. Na klabu ya kijiji yenye wachezaji haba na kibanda cha kubadilishia nguo nayo ina yake. Kwa Kiholanzi nambari hiyo huitwa stamnummer. Mfasiri hawezi kulipita neno hili bila ya kusita, kwa kuwa stam ni shina la mti, na pia ni kabila, yaani watu wa asili moja. Nambari ya shina, basi. Majani hupukutika, matawi hukatwa, shina likabaki.

Lakini shina nalo hukatwa. Katika mji wa Genk palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na penye machimbo pakawa na timu: Waterschei na Winterslag, mahasimu wa jadi. Machimbo yalipofungwa, timu hizo ziliungana mwaka 1988, ikabaki nambari moja tu: 322, ya Winterslag. Hiyo ndiyo klabu aliyojiunga nayo Mbwana Samatta Januari 2016, akatwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Sisi huku tulishangilia jina moja. Lakini kwa mzee wa Waterschei aliyeshuka shimoni ujana wake wote, je, furaha ile ilikuwa yake, au ya hasimu wake aliyevaa nguo mpya? Daftari halimjibu. Linajua nambari, halijui uchungu.

Wala jina halitoshi. Sunderland ya Dar es Salaam, iliyozaliwa 1936, ikawa Simba mwaka 1971, na hakuna mpenzi wa Yanga aliyekubali kwamba utani umefutika kwa kuwa jina limebadilika.

Sasa tupande hadi uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, tufike Chala, katika wilaya ya Nkasi. Huko, kama katika maelfu ya vijiji vyetu, timu ya kijiji aghalabu haina ofisi wala kabati la vikombe. Zawadi ya mashindano huwa mbuzi, naye huliwa jioni ile ile. Hata neno lenyewe halijatulia: bara ukisema kilabu, wengi watafahamu pahala pa pombe kabla ya kufahamu timu. Vijana huondoka kwenda Sumbawanga, Mbeya au Dar es Salaam, na wadogo zao hupokea nafasi. Miaka ikipita, hapana ubao wa awali. Nini basi kimebaki, hata tuseme kwamba ni timu ile ile?

Nadhani kimebaki deni. Tuchukulie kwamba mwaka huu vijana wa Chala wamekwenda kucheza kwa jirani, wakapokewa, wakalishwa, wakaahidi marudiano. Mwakani nahodha aliyetoa ahadi hayupo tena. Lakini ahadi ni deni, na deni hili halikuondoka na aliyeahidi. Limebaki kiwanjani likimngoja atakayevaa jezi. Mdogo ambaye siku ile alikuwa akicheza chandimu kando ya uwanja, na hakuahidi lolote, ndiye atakayelipa. Akilipa, timu ni ile ile. Akisema "mimi sikuwapo", timu imekufa, hata kama kiwanja na jina ni vile vile.

Ufipa yenyewe inatupa mifano miwili. Wa kwanza ni malungu, zile tanuri za udongo zipitazo kimo cha mtu, walimoyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya ishirini, chuma cha kigeni kilipokuwa rahisi; baadhi ya tanuri zimesimama hadi leo. Umbo lipo, makabidhiano hayapo. Wa pili ni tuta la Kifipa: nyasi hufukiwa udongoni, zikaoza, na mazao ya baadaye yakala kilichooza. Hapana jani la mwaka jana utakaloweza kulionesha, lakini bila ya hilo hapana mavuno. Timu ya kijiji ni tuta, si tanuri.

Atapinga mpinzani: ni deni gani hili la mtu asiyelikopa? Muadilifu hulipa alichochukua yeye, si alichochukua kaka yake. Hoja hii ina nguvu, tena ni ngao dhidi ya visasi vya kurithishana. Lakini kijana wetu amechukua: amekuta kiwanja kimekwishang'olewa visiki, amekuta jirani amekwishakuwa rafiki. Asiyetaka deni yuhuru kuuacha na urithi wake, aanzishe timu yake na auombe urafiki upya. Hiyo ni haki. Dhuluma ni kula mbuzi na kukataa marudiano.

Na hapa ndipo penye hatari. Uchaguzi ukikaribia, jezi mpya hufika vijijini zikiwa na jina la mfadhili kifuani, na mara nyengine jina la timu nalo hugeuzwa ili kumridhisha. Simlaumu kijana aliyekuwa akicheza peku kwa kupokea viatu. Namuuliza suali moja tu: mfadhili atakapokuwa hayupo, na jirani akaja kudai marudiano, nani atakayeitika? Atakayeitika ndiye mwenye timu, na nambari ya shina anayo, iandikwe daftarini au isiandikwe.