Jumanne: Kisukari, Mume na Mtoto Anayesubiriwa

Soma Mwanzo 25:20, 21, 26 na Mwanzo 30:1, 2. Je, Isaka na Yakobo walitofautianaje Rebeka na Raheli walipokosa mtoto?

______________________________

Isaka alioa akiwa na miaka 40, na mapacha wakazaliwa akiwa na miaka 60. Kwa miaka 20 hakukuwa na mtoto nyumbani. Biblia haisemi kwamba alimlaumu Rebeka, inasema alimwombea. Yakobo, Raheli alipomlilia, aliwaka hasira.

Hata leo mzigo huu huwekwa kichwani pa mwanamke. Ndiye anayepelekwa hospitali, ndiye anayenyweshwa mizizi, ndiye anayesemwa na mawifi. Lakini soma Kumbukumbu la Torati 7:14. Musa, akitaja baraka za agano, anazungumzia utasa wa mwanamume sawasawa na ule wa mwanamke. Neno la Mungu lilikwisha kusema wazi jambo ambalo wanaume wengi hatutaki kulisikia.

Sababu mojawapo inayosahaulika ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana wagonjwa wengine hufa ganzi miguuni. Madhara hayo hayo hufika kwenye viungo vya uzazi. Wapo wanaopungukiwa nguvu za kiume. Wapo ambao mlango wa kibofu cha mkojo haufungi inavyopaswa, na shahawa hurudi ndani badala ya kutoka. Kisukari cha aina ya pili, hasa kikiandamana na unene, mara nyingi huambatana na upungufu wa homoni ya kiume. Sukari iliyozidi inaweza pia kudhuru vinasaba vilivyomo katika mbegu. Si kila mwenye kisukari hukosa mtoto, wengi huzaa. Ila ni sababu tosha ya mume kupimwa.

Mzee mmoja wa kanisa alinijia kuomba tumwombee mkewe apate mimba. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na dawa alikuwa akizimeza siku anazojisikia. Nikamwuliza, "Wewe umepimwa, mzee?" Akanyamaza. Miaka minne mkewe alikuwa amekwenda kliniki peke yake. Tuliomba, kisha akaenda naye. Tatizo lilionekana kwake. Mtoto hakuja mara moja, lakini tangu siku ile mama yule hakulia tena peke yake.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Je, mafungu haya yanamhusuje mume mwenye kisukari?

______________________________

Kumtukuza Mungu katika mwili ni pamoja na kula kwa kiasi, kufanya mazoezi, kupumzika na kumeza dawa kama daktari alivyoagiza. Kuacha dawa kwa jina la imani si imani. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani nazo si jibu. Zinaweza kumdhuru mgonjwa. Tena tuwe na subira: mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu kutengenezwa, hivyo matunda ya kubadili maisha hayaonekani kwa juma moja.

Je, kama mtoto hatapatikana? Katika Isaya 56:3-5 Bwana anamwahidi asiyeweza kuzaa jina lililo bora kuliko wana na binti. Thamani ya mwanamume mbele za Mungu haipimwi kwa idadi ya watoto wake.

Tafakari: Ni maneno gani katika kanisa lenu huwaumiza wanandoa wasio na mtoto? Wewe mume, je, uko tayari kuubeba mzigo huu pamoja na mkeo, hata kama majibu ya vipimo yatakuelekea wewe?