Aliyesahau Jina, Je, Amesahau Kitu?

Mtu aliyekijua kitu, kisha jina lake likamtoka na maana yake ikabaki moyoni, je, ahesabiwa mjuzi au mjinga? Suala hili si la mchezo, kwani aliyeajiriwa kwa ilimu yake apokea ujira juu ya ilimu hiyo.

Mfano wake waonekana katika kazi ya kompyuta. Mfumo uitwao Unix, ulioanzishwa Marekani mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, huendeshwa kwa kuandikiwa amri, na majina ya amri zake yamekatwa mno: cp ni kunakili, mv ni kuhamisha, rm ni kufuta. Basi karani ana orodha mbili zilizokwisha kupangwa kwa herufi, naye ataka majina yaliyomo katika zote mbili. Akumbuka kuwa iko amri itoayo safu tatu: ya yaliyo katika orodha ya kwanza peke yake, ya yaliyo katika ya pili peke yake, na ya yale ya pamoja. Jina la amri hiyo halimjii.

Akitajiwa diff, asema siyo. Akitajiwa join, asema siyo. Akitajiwa comm, asema ndiyo hiyo! Lau kuwa ni mjinga, angekataa mawili kwa kipimo gani na kukubali la tatu?

Yasimuliwa kwamba Imamu Ghazali alinyang'anywa madaftari yake njiani, na mkuu wa wanyang'anyi akamcheka: vipi adai ilimu iondokayo pamoja na karatasi? Imamu akakaa miaka mitatu akiyahifadhi. Lakini hoja ile yampiga aliye na karatasi tupu. Karani huyu maana anayo. Nao waundaji wa mifumo hii walijua kuwa watu husahau, wakaweka amri ya apropos: mtu huandika neno la kazi aitakayo, akaletewa majina. Asiyejua atakalo hana la kuandika hapo.

Dhambi, ikiwapo, haimo katika kusahau. Imo katika kuona haya mbele ya bwana wake akabahatisha. Herufi mbili za rm zatosha kufuta daftari la watu, wala haziliweki katika kapu la taka likaokotwa kesho. Karani aliyesema, "Nimesahau, nipeni nafasi nitazame," alichelewa kidogo. Kisha akaandika comm -12, na majina ya pamoja yakatoka peke yake.